Hadi Dori Bila Lori

Bobo-Dioulasso, 24 Novemba 1988

Kwa dada yangu Habibata,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na shemeji na watoto, na Mama na mguu wake. Vitunguu mmeshahamishia bustanini? Huku Bobo wana maji mengi mpaka naona wivu kwa niaba yenu. Mimi ni mzima. Mume wangu Isaka ameandika kutoka kwenye mashamba ya kakao, anasema yeye hana neno, niende, ila nisirudi mikono mitupu.

Dada, chama cha wanawake kimenichagua kwa ule msafara wa baiskeli! Walitujaribu kwa kutuzungusha uwanja wa mpira mpaka wengine wakalala chini kama mbuzi, na mimi nimo kwenye waliobaki. Mwezi wa kwanza tutaondoka Bobo hadi Dori, kijiji kwa kijiji, tukicheza mchezo wa kuigiza wa kuwaambia wanawake wakajifungulie zahanati. Na kila mmoja amepewa baiskeli, Habibata, nyekundu, mpya, ina karia nyuma na taa mbele. Atakayefika Dori akiwa juu yake, ni yake kabisa. Lakini nyuma yetu kutakuwa na lori la mizigo. Ukichoka ukashuka njiani, lori likikufikia lazima upande, na ukipanda, hata kwa mwendo wa kutoka kwenu hadi bwawani, baiskeli inarudi kwa chama.

Mimi sitapanda. Nikiipata hiyo, sumbala yangu ya kuungia mchuzi itafika soko la Kaya ikiwa bado ina joto, na mwanangu Kuilga akishikwa na homa sitakaa mlangoni kumsubiri mwenye mkokoteni wa punda amalize chai.

Sasa nikwambie la kike. Maziwa yamejaa mpaka blauzi inasimama yenyewe. Najua, mwenyewe ulisema umri wa kumwachisha umefika, na mtoto huachishwa vizuri mama akiwa mbali. Mimi najua, kifua hakijui. Baiskeli ikiruka shimo nashika usukani kwa mkono mmoja na kifua kwa mwingine, na wenzangu wanapiga makofi. Madamu Ilbudo, kiongozi wetu, mkunga aliyestaafu, amenifunga kitambaa, anasema kitakauka.

Wametupa kaptula za kuvaa ndani ya kitenge. Usimwambie Mama.

Kuilga ananiulizia?

Mdogo wako,
Rasmata


Korsimoro, 15 Desemba 1988

Rasmata wa Mama,

Barua yako imekaa kwa dereva wa basi mpaka ikanuka samaki mkavu. Lakini imefika na tumekusoma sote. Amani ipo. Vitunguu vimeshika. Shemeji yako amenunua ndoo mbili mpya za kumwagilia na anatembea nazo kijijini kama mtu aliyenunua gari.

Habari za kaptula nimemwambia Mama palepale. Alicheka akakohoa, akasema kama kaptula zingekuwepo enzi zake asingekataa safari hata moja.

Kuilga anakula. Jana alimaliza bakuli la maharage na akataka kulamba sufuria.

Mpe dereva shukrani kwa kifurushi hiki. Nimemwuliza mtu anayejua mambo ya baiskeli, kaniambia siti za chama ni ngumu kama jiwe la kusagia. Basi nimekushonea mto wa kukalia. Ndani ni sufi ya mwaka jana, nimeishindilia mpaka sindano ikagoma. Kitambaa utakitambua, ni kitenge changu cha harusi. Kilikuwa kinalala tu sandukuni, kinamngoja nani? Ufunge vizuri kwa kamba zake nne, ukae kama mke wa chifu. Hao wenzako watachubuka, wewe utafika Dori na ngozi uliyozaliwa nayo.

Kula. Usishindane na watu wasiokuhusu.

Dada yako,
Habibata


Boromo, 11 Januari 1989

Dada yangu Habibata,

Salamu kwenu nyote, na pongezi kwa zile ndoo. Niko salama. Maziwa yamekauka kama Madamu alivyosema, na siku yalipokauka nilisikitika badala ya kufurahi, usinicheke.

Tumeondoka! Bobo walitutoa kwa ngoma, wanafunzi wakatukimbilia mpaka mwisho wa mji, na mimi nilikuwa mstari wa mbele kwa sababu mto wako ulionekana kwa mbali. Wote wamenionea wivu. Kila kijiji wanawake wanaushika, wananiuliza nani kashona. Nasema dada yangu.

Nikueleze mwili unavyokuwa, maana hakuna aliyeniambia. Siku ya kwanza ni mapaja. Siku ya pili mapaja yanasahaulika kwa sababu shingo imekuja. Kisha vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi, unashika kijiko kinaanguka, na midomo inapasuka kwa huu upepo mkavu, ukicheka damu inatoka, na mimi nina mtu anayenichekesha kutwa. Barabara ya udongo mwekundu imejikunja kama bati la paa, meno yanagongana mpaka unaogopa kuuma ulimi. Nimejifunza kunywa maji kabla ya kiu, kubadilisha mikono kila tunapopita nguzo ya simu, na kujipaka mafuta ya shea alfajiri kabla upepo haujaamka. Naipenda, dada! Jioni tukiingia kijiji na watu wamejipanga, nasahau kila kitu.

Anayenichekesha anaitwa Pelaji Toe, Msamo, muuza pombe ya mtama kutoka Tugan. Unajua Wasamo na sisi Wamosi ni watani, wao hutuita watumwa, sisi huwaita wala mbwa. Siku ya kwanza tu alinitazama juu mpaka chini, akasema:

"Asante Mungu, mmenipa mtumwa wa Kimosi wa kunibebea maji."

Nikamwambia, "Maji utabeba mwenyewe, mimi nitakusaidia kichwa cha mbwa ukishindwa kukimaliza."

Tangu hapo tunalala mkeka mmoja.

Jambo moja tu linanitia hofu. Kila jioni Madamu anauliza, "Nani ana kidonda?" Mwenye kidonda kesho yake analala ndani ya lori. Juzi alipandishwa mama mmoja wa Hunde, magoti yamevimba kama maboga. Hakulia kwa ajili ya magoti. Alilia akiangalia baiskeli yake inavyofungwa kamba juu ya magunia.

Mimi sina kitu. Siku hizi nasimama sana juu ya pedeli, napenda kuona mbali. Hii barua naiandika nimepiga magoti kwa sababu benchi la hapa ni fupi.

Kuilga ananiulizia? Safari iliyopita hukunijibu.

Rasmata


Korsimoro, 22 Januari 1989

Rasmata,

Tunakusalimu. Mguu wa Mama umepungua uvimbe, amekwenda sokoni mwenyewe na kurudi na ugomvi, kwa hiyo amepona. Mvua hakuna na hatuitaki, vitunguu vinanenepa.

Habari za mto wangu nimewasomea jirani wote. Wameniagiza mito mitatu. Mmoja ni wa mke wa imamu, hana hata baiskeli.

Kuilga anakula. Ameanza kupenda samaki.

Rasmata, mimi nimekubeba mgongoni kabla hujajua kutembea. Benchi likiwa fupi mtu hukaa akakunja miguu. Mtu hapigi magoti. Una nini?

Nijibu. Barua hii nimemwambia dereva aipeleke Wahiguya, akikukosa asiilete tena huku, akufuate.

Habibata


Titao, 9 Februari 1989

Dada yangu,

Barua imenifikia, dereva kanifuata kweli. Salamu kwa Mama, mwambie agombane kidogo na kwa niaba yangu. Binamu wa shemeji pale Wahiguya alinipokea vizuri, akanipa na kuku wa kukuletea. Huyo kuku ameliwa. Utaelewa mbele.

Kaa chini kwanza. Mimi siwezi, kwa hiyo kaa kwa niaba ya wawili.

Nilikuficha. Mto wako ulinichuna. Siku mbili za mwanzo ulikuwa wa peponi. Kisha jasho likaingia, vumbi likaingia, sufi ikajikusanya mabonge mabonge kama ugali uliosongwa na mtu mvivu. Katikati pakawa shimo, na ule mshono wako imara ukapita palepale pasipotakiwa mshono. Ngozi ikachubuka, ikafunga, ikachubuka tena juu ya ile ile, mpaka kwenda haja ndogo nilikuwa nauma ncha ya kitenge. Ningeuondoa mapema. Lakini kila nikishika kamba niifungue nakuona umeinama unashona kile kitambaa ulichoolewa nacho, mikono inakataa. Na kumwambia Madamu nisingeweza, lori lilikuwa nyuma yangu linanguruma kila siku kama linanijua jina.

Tulipofika hapa Titao, jioni tukapewa ugali na mchuzi wa bamia. Pelaji akanitazama.

"Nyie Wamosi siku hizi mnausujudia ugali?"

"Kula chako, mla mbwa."

"Kaa chini, Rasmata."

"Nimeshiba kukaa, nimekaa kutwa kwenye baiskeli."

"Mwenye mtumwa anakuambia kaa!" Akanivuta kitenge. Nikakaa. Habibata, sauti iliyonitoka, mbuzi wa pale walisimama.

Alinipeleka nyuma ya ukuta wa bafu, akanikagua. Mara ya kwanza tangu nimfahamu hakucheka. Akasema, "Hii si kuchubuka. Hii ni nyama." Nikamshika miguu, nikamwambia ukimwambia Madamu umeniua, bora nife Dori. Akasema, "Mimi nimwambie Madamu wako ili iweje? Na yeye ni mtumwa wangu vilevile."

Asubuhi tunatoka kupanda, tunakuta baiskeli za Wamosi zote, pamoja na ya Madamu, zimesimama bila siti. Vyuma vitupu. Na katikati ya uwanja wa chifu amekaa Pelaji, miguu ameinyoosha, ameketi juu ya rundo la siti zetu kwenye kitenge, spana ameining'iniza shingoni kama mkufu.

Madamu akasimama mbele yake na filimbi yake. "Pelaji Toe, rudisha siti tuondoke. Jibo wanatusubiri."

"Nasikia mbu," Pelaji akasema. "Mnamsikia? Mbu wa Kimosi. Anapiga kelele, kuuma hajui."

"Pelaji, sina mchezo asubuhi hii!"

"Ah! Amekasirika! Wazee wa Titao, ninyi ni mashahidi, Mmosi amemkasirikia mtani wake hadharani. Faini yake nini?"

Watu wakacheka mpaka wazee wakajifuta machozi. Mzee mmoja akamwambia Madamu, "Binti yangu, ameshika. Ukishikwa na Msamo huna la kufanya, lipa." Na kweli, nani alishawahi kumkasirikia mtani akabaki na heshima? Madamu alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakawa yanacheza, mimi mpaka leo sijui alikuwa anacheka au anajizuia.

"Unataka nini?" akamwuliza.

"Kuku. Na siti za watumwa wangu zinalala hapa na mimi leo na kesho. Hakuna Mmosi atakayeondoka Titao."

"Na wengine waondoke?"

"Wataondokaje bila ninyi? Nani atawapotezea njia?"

Basi kuku wako nikamtoa mimi, mbio. Lori nalo likazima injini. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshindwa, msafara mzima umekamatwa na mtu mmoja mwenye spana.

Siku mbili nimelala kifudifudi ndani ya nyumba ya mama mmoja, mlango umefungwa na dirisha limeachwa wazi, nimeanikwa kama bamia. Pelaji ananiosha kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, nalia, ananipepea kwa mfuniko wa sufuria na kunitukania ukoo mzima. Jana jioni Madamu alipita mlangoni. Hakuingia. Aliweka chini pamba na chupa ya dawa ya zambarau, akasema kutoka huko nje, "Mimi miaka yote kazi yangu ni kuangalia wanawake wanavyotembea. Nilikuwa najiuliza huyo mtani wako ataamka lini." Akaenda zake.

Kesho tunaondoka. Mto nimeufungua. Pelaji ameinua siti juu zaidi, anasema nilikuwa nimekaa kama chura ndiyo maana hata magoti yaliniuma, na siti tupu ngumu inashika mifupa tu, haisugui nyama. Nimeijaribu. Inauma, lakini kwa uaminifu.

Usinikasirikie kwa kitenge. Na sasa nimekwambia langu, niambie na lako. Barua mbili umenijibu habari za chakula. Kuilga ananiulizia?

Rasmata


Korsimoro, 18 Februari 1989

Mjinga wangu,

Salamu hazina haja, sote tuko hapa tunakusoma, Mama analia na kucheka kwa zamu. Ulikaa juu ya mabonge kwa sababu ya kitenge changu? Ningejua ningekushonea kwa gunia. Mke wa imamu nimemrudishia alichonipa, nikamwambia mto ule ni wa kukalia kwenye kiti kisichotembea. Huyo Msamo wako mwambie akipita hapa nitampikia, na nitamtukana, vyote kwa mkono mmoja.

Haya. Umeniuliza, nami nilikuwa nakujibu maharage.

Anakuulizia. Mwanzoni kila baiskeli iliyopita barabarani aliiacha kazi ya kuchezea udongo akaikimbilia. Siku moja aliifuata ya mpita njia asiyemjua, tukaja kumkuta karibu na bwawa, amelala kwenye majani, mguu mmoja hauna kiatu. Wiki nzima hakutaka mkono wa mtu isipokuwa wa Mama. Hakuugua, hilo nakuapia. Lakini alikuwa mtoto aliyenyamaza, na mtoto mnyamavu ndani ya nyumba anaumiza kuliko anayelia.

Ningekuandikia hayo ukiwa Boromo ungefanya nini? Usinidanganye. Ungepanda lori siku hiyohiyo, ukashuka hapa umemkumbatia, kisha nyote wawili mkae mlangoni kumsubiri mwenye mkokoteni mpaka nizeeke. Nikasema bora unichukie baadaye.

Sasa amechangamka. Anawaambia wanunuzi wa vitunguu, "Mama yangu yuko juu ya baiskeli," kwa sauti ile ya shemeji yako na ndoo zake. Lakini sikufichi tena: siku utakayofika huenda akakimbilia nyuma ya sketi yangu. Asipokujia, usilie mbele yake. Mpe siku mbili tatu. Atakuja.

Kanyaga, mdogo wangu.

Habibata


Dori, 6 Machi 1989

Dada Habibata, mama yangu wa pili,

Salamu kwako, kwa Mama, kwa shemeji. Kwa Kuilga usimpe salamu, mpe busu hapa shingoni panaponuka maziwa, hata kama hayapo tena.

Barua yako niliisomea Jibo, nimesimama. Nililia vya kutosha, nikanawa uso. Ulifanya vizuri kunificha. Ningepanda lori. Nilikuwa nakasirika mpaka nilipofika kwenye neno mlangoni, hasira ikaisha.

Kutoka Jibo ni mchanga, dada. Unakanyaga, gurudumu la nyuma linazunguka mahali pamoja kama mtu anayetafuta kisingizio. Upepo unakuja na vumbi usoni, kope zinagandamana. Kidonda kilifunguka tena upande mmoja, sikukificha, nilikwenda kwa Madamu mwenyewe nikageuka nikamwonyesha. Akakitazama na tochi. Akasema, "Hiki kinapona. Kinachopona siyo kidonda, ni kovu linalochelewa." Akapaka zambarau, akanipiga kofi upande ule mzima.

Siku ya mwisho lori lilikuwa karibu mno nyuma yangu, nasikia dereva anaimba. Pelaji alianguka mchangani mbele yangu, nikapunguza mwendo, akanifokea, "Pita! Ukinisubiri nakuuza!" Nikapita nikilia na kucheka, yeye akainuka akiwa mweupe kwa vumbi kama mzimu wa Kisamo. Tukaingia Dori wote wawili, mimi sikai, yeye haoni. Wanawake wa Kifulani walikuwa wamejipanga na vibuyu vya maziwa. Nilikunywa nikiwa bado juu, mguu mmoja chini, kwa sababu sikuamini kwamba nimefika.

Jioni Madamu akatuita mmoja mmoja kwa jina. Akaniita na mimi. Nilishika usukani tu.

Ni yangu, Habibata. Ina kovu kwenye rangi upande wa kulia na mimi nina langu, tumelingana.

Kesho lori linawarudisha watu wote kwao, na baiskeli zao juu. Madamu kaniambia, "Panda sasa, Rasmata, hakuna sheria tena, limekuwa lori la kawaida." Nimemwambia hapana, Madamu, nitapita Kaya na kuendelea mpaka Korsimoro kwa magurudumu yangu. Pelaji anasema mtumwa hasafiri bila mwenyewe, kwa hiyo weka maneno yako ya matusi tayari na maharage ya kutosha.

Usihesabu siku, nitakuja kwa mwendo wangu mwenyewe. Jana asubuhi, nilipokuwa na jina langu juu ya hii baiskeli kwa usiku mmoja tu, nilizunguka soko la Dori. Nikashuka kwa muuza tangawizi, sikununua. Nikapanda. Nikashuka kwenye kivuli cha ukuta, nikasimama, hakuna kitu kilichonguruma nyuma yangu. Nikapanda tena. Nikashuka tena bila sababu yoyote, dada, nikashuka tu, na ilinisubiri.

Rasmata